Mjomba, kijiweni wananiita mke wa mwenyekiti

Shikamoo Mjomba,

Naomba usitaje jina langu. Mimi ni mwanamume wa miaka 43, naishi Temeke na mke wangu na watoto watatu, ila kwa asili sisi ni watu wa Rufiji. Nimeendesha daladala miaka 16, mpaka mwishoni mwa 2023 tajiri wangu alipouza gari akalipe madeni yake. Tangu hapo sina gari la kudumu, napiga deiwaka. Wiki nyingine napata siku mbili, wiki nyingine nakaa kituoni mpaka jua linachwa, narudi na nauli niliyoondoka nayo.

Mke wangu anachoma vitumbua na chapati alfajiri, anauzia hapo hapo nje, na saa tatu huwa keshaosha vyombo. Tuliishi vizuri. Mwaka 2024 watu wa chama chake wakamfuata wakimtaka agombee uenyekiti wa mtaa. Akaniuliza, nikamwambia sawa, gombea. Mjomba, nisikufiche, nilikubali kwa sababu niliamini hatapita. Wenzake waliochukua fomu walikuwa wanaume wenye nyumba zao, mmoja ana duka la mabati na saruji. Nikajua ataangushwa kwenye kura za maoni, atarudi kwenye vitumbua vyake, na mimi nitabaki na sifa kuwa ni mume asiyembana mkewe. Kura za maoni akapita. Tarehe 27 Novemba akapita tena.

Tangu siku ile nyumba si yangu. Saa kumi na mbili asubuhi watu washaanza hodi. Huyu anataka barua ya utambulisho akafungue akaunti, yule jirani kamjengea ukuta juu ya mpaka, mwingine mwanawe yuko polisi anatafutiwa mdhamini. Usiku mmoja saa nane waligonga askari, wanataka mwenyekiti akashuhudie upekuzi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mke wangu akavaa dera, akajitanda khanga, akatoka. Mimi nikabaki kitandani. Hebu fikiria, Mjomba: mwanamke katoka usiku na askari wanne, mwanamume analinda chandarua.

Kazi za nyumbani zote zimeniangukia. Nawaamsha watoto, nawaogesha, napika. Maharage ya nazi sasa nayaweza, ingawa tui bado linanikatikia mara moja moja. Yule mdogo wa miaka minne, wiki niliyopata deiwaka ya siku tatu mfululizo, alilia asubuhi akakataa kuogeshwa na mama yake. Sikujua nifurahi au nione haya.

Halafu kuna pesa. Tulikuwa na kibubu cha kununua mabati ya chumba cha nyuma. Juzi nimekitikisa, kikawa chepesi. Kumuuliza, anasema alitoa 120,000 kwenye misiba mitatu, kwamba mwenyekiti haendi msibani mikono mitupu. Hakuniambia. Pia katibu mmoja wa chama anampigia simu mpaka saa nne usiku. Nayasikia mazungumzo, ni ya vikao, lakini ni mwanamume.

Kijiweni ndiko kunakoniua. Ninapokaa tu kwenye kahawa, utasikia, "Mke wa mwenyekiti, leo tunakula nini kwako?" Anayecheka kuliko wote ndiye aliyekuja kwetu mwezi uleule kuchukua barua ya kuombea mkopo. Mwingine anasema nimelishwa limbwata. Mwingine ananiambia dawa yake ni kibao kimoja tu, atakumbuka nani mume. Sijawahi kumpiga na sitaki kumpiga.

Sasa mama yangu anakuja kutoka Rufiji baada ya Idi, atakaa nasi mwezi mzima. Hajui lolote katika haya. Nataka nimwambie mke wangu achague, mimi au mtaa. Maneno hayo yako mdomoni wiki ya tatu hii. Dini yetu inasema mwanamume ndiye msimamizi wa nyumba. Je, nakosea?

Dereva, Temeke

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimekwama palepale: "nilikubali kwa sababu niliamini hatapita." Ungeweza kulimeza neno hilo na nisingejua. Kwa kuwa umelitema mwenyewe, tuanzie hapo.

Wewe ni mtu wa barabarani, utanielewa. Umempakia abiria wa Mbagala, nauli umepokea, huku moyoni unajua gari litafia Mtongani. Gari halikufa. Limefika Rangi Tatu salama, na sasa unamgeukia abiria unamwambia ashuke arudi kwa miguu, eti hukukusudia afike. Mkeo alikuuliza kabla ya kuchukua fomu. Wapo wanaochukua kwanza wakauliza baadaye. Ukimwekea hilo la mimi au mtaa, atakuuliza swali moja tu: siku uliyosema sawa, ulikuwa unasema nini? Utajibu nini? Utamwambia ulimtegemea ashindwe? Hilo mwanamke halisahau, hata akikusamehe.

Na tuseme amekutii. Muhula wake ni wa miaka mitano, mpaka 2029. Akijiuzulu leo kiti kinabaki wazi, mtaa mzima unataka kujua kwa nini, na jibu litakalozunguka ni jina lako. Unakimbia kuitwa mke wa mwenyekiti, utaitwa mume aliyemng'oa mwenyekiti. Sioni ulichopata.

Sasa kibubu. Hapa niko upande wako, na kama mkeo anasoma asininunie. Pesa za vitumbua zilizo kwenye pochi yake ni zake. Zikishadumbukia kwenye kibubu zimekuwa mabati, na mabati ni ya nyumba nzima. Kutoa 120,000 kimyakimya ni kosa, na lingekuwa kosa lile lile kama wewe ndiye ungekuwa mwenyekiti ukazigawa misibani. Hii desturi ya kumtaka kiongozi wa mtaa atoe bahasha kila panapotandikwa mkeka inawabana wote, mwanamume na mwanamke. Watu wanasahau kwamba mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa kuchaguliwa, hana mshahara. Mwenye mshahara ni afisa mtendaji, aliyeajiriwa. Mkeo anatoa rambirambi za kiongozi kwa kipato cha unga wa mchele na mafuta ya kukaangia.

Kwa hiyo mkae, watoto wakilala, mpange kiasi cha misiba kwa mwezi. Kidogo, na kiandikwe kwenye daftari. Kikiisha tarehe kumi na tano, msiba wa tarehe kumi na sita ataupelekea uso wake, maji ya kunawa, na kukaa na wafiwa mpaka jioni. Watu wa Dar es Salaam wanajua sana nani alikaa msibani na nani alipita na bahasha akaondoka. Kibubu kisiguswe mpaka mkivunje pamoja. Na ukalianzishe jambo hili kama mtu anayezungumzia mabati. Ukichanganya na katibu, askari na kijiwe katika kikao kimoja, atasikia wivu tu, na hoja yako nzuri itapotelea humo.

Umenitajia dini. Mimi si shehe, nimesoma chuo cha Kurani kama watoto wengine wa pwani, kwa hiyo nitasema kile ambacho hata ustadhi wa mtaani kwenu atakuthibitishia. Aya unayoitegemea, ya 34 katika Surat An-Nisaa, inampa mwanamume usimamizi na papo hapo inataja mali anayoitoa. Huwezi kukata nusu ukaitundika ukutani, nusu nyingine ukaifunika. Matunzo ya nyumba ni juu ya mume, na mali ya mke ni yake. Ukitaka kusimama juu ya aya, simama kwa miguu yote miwili: kila shilingi ya vitumbua aliyonunulia unga na sabuni tangu gari lilipouzwa, aliitoa kwa hisani. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo imemtwisha mume jukumu la kumtunza mke, na mke analazimika kumtunza mume pale tu mume asipoweza kujitafutia kwa ajili ya maradhi au kuumia, naye mke awe na uwezo. Wewe huumwi. Ni mzima, umekosa gari. Mkeo angeweza kukaa akakusubiri ulete. Hakufanya hivyo, na wala hakukusimanga. Lau angekusimanga ungeniandikia, kwa jinsi ulivyoorodhesha.

Na kuhusu mwanamume kushika mwiko: Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alisema alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukifika anatoka kwenda kusali. Mwulize huyo wa limbwata kama hilo nalo ni limbwata.

Nikuambie langu. Marehemu mke wangu alikuwa muuguzi, na miaka ile zamu za usiku zilikuwa nyingi. Mimi nilipika. Nilipika wali, mchicha, samaki wa kukaanga, uji wa watoto. Lakini nilikuwa nafunga mlango wa uani kwa komeo na kutandika gunia chini yake, ili majirani wasisikie mwiko unagonga sufuria mikononi mwa mwanamume. Jirani mmoja alikuwa anamsifu mke wangu kwa mchuzi wangu, na mke wangu anaitikia ahsante. Miaka! Moshi ulinitoa machozi jikoni mle kwa sababu nimeziba mlango. Alipofariki, kwenye arobaini, binti yangu akawaambia watu wote ukumbini kuwa baba ndiye alikuwa mpishi. Yule jirani alicheka mpaka akakaa chini. Hakuna aliyenidharau. Nilikuwa nimekula moshi bure.

Kwa hiyo usiseme kazi za nyumbani "zimekuangukia" kama nazi. Unazifanya, na ni kazi. Majaji wa nchi hii walishalimaliza hilo. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa. Sisi wanaume siku hizo tulinung'unika kweli kweli, tukaona mahakama inawapa wanawake nyumba zetu kwa ajili ya kupika. Leo ukitulia, hoja ile inakubeba wewe. Kama mwiko wa Bi Hawa ulikuwa mchango, wako pia ni mchango.

Yule mtoto aliyekataa kuogeshwa na mama yake umemtaja kwa mstari mmoja ukakimbilia kwenye pesa. Miaka 16 ulikuwa unatoka saa kumi alfajiri na kurudi saa nne usiku. Wale wawili wakubwa, uliwahi kuwaogesha?

Usiku wa askari. Hapo nakulaumu kidogo. Mwenyekiti au mjumbe kuitwa kushuhudia upekuzi ni kazi ya kawaida kabisa, inamlinda mwenye nyumba asiwekewe kitu na inamlinda askari asisingiziwe. Mkeo alikwenda kwa haki. Lakini wewe ulilalia nini? Hodi ya saa nane usiku haigongwi kwa mwenyekiti peke yake, inagongwa kwa nyumba. Siku nyingine vaa shati, chukua tochi, toka naye. Simama nje kwa jirani mpaka amalize, mrudi pamoja. Hakuna atakayekuuliza unafanya nini. Hata angekuwa mwenyekiti mwanamume, ndugu yake angetoka naye. Na zile hodi za alfajiri zinapunguzika: afisa mtendaji ana ofisi na ana saa za kazi, barua za utambulisho zipitie huko. Mkeo abandike karatasi mlangoni, kabla ya saa tatu ni vitumbua tu, isipokuwa msiba, moto au mwizi. Watalalamika wiki mbili.

Katibu. Umesema mazungumzo unayasikia, na ni ya vikao. Mke mwenye lake hapokei simu mume akiwa pembeni anasikiliza. Mwambie mkeo kwa lugha ya kawaida kwamba saa tatu usiku ndiyo mwisho wa simu za chama, za katibu huyo na za wengine wote, wakiwamo wanawake. Simu yake usiipekue.

Nije kijiweni, maana najua ndiko moyo wako uliko. Wanaume hao wanazungumza kana kwamba mwanamke na siasa ni mambo yaliyokuja juzi na simu za kupangusa. Mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, Bibi Titi Mohamed aliwafuata viongozi wa vikundi vya ngoma humu humu Dar es Salaam, akina mama wa lelemama, wengi wao Waislamu na wasiopita shule. Hao ndio walionunua kadi, wakauza kadi, wakajaza mikutano wakati wanaume wengi wenye kazi serikalini walikuwa wanaogopa kuonekana. Huenda bibi wa mmoja wa hao wanywa kahawa wako alikuwemo.

Anayecheka kuliko wote alikuja kwenu kuchukua barua. Mpwa, unahitaji nini zaidi? Akikuita mke wa mwenyekiti, mwitikie, umwulize mkopo umetoka? Umwulize kwa sauti ile ile aliyokuitia. Nakuhakikishia ataangalia kikombe chake. Huyu wa kibao ndiye usimchekee hata kidogo. Sheria ya Ndoa inasema wazi kwamba hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake kwa kumrudi. Umesema hutaki kumpiga, nami nakuamini, lakini mtu anayekutajia kibao kila siku anakuzoeza neno. Badilisha kiti, au badilisha kijiwe. Muda huo huo uwe kituoni, saa kumi na moja alfajiri, maana deiwaka haimfuati mtu kwenye kahawa, na wewe hili unalijua kuliko mimi. Siku ukitoka hivyo, mkeo ataogesha mtoto, alie asilie.

Limebaki la mama. Nadhani ndilo lililokufanya ukaniandikia sasa, maana uchaguzi ulipita zamani na vitumbua havijabadilika. Unataka mambo yarudi kama yalivyokuwa kabla basi la Rufiji halijafika. Najua pia shauri litakalokujia, kama halijaja: kumwomba mkeo acheze mke wa zamani mwezi mmoja, apike yeye, wewe ukae barazani na redio. Usimwombe. Mwezi ni mrefu, hodi za alfajiri hazitaacha kugonga, na yule wa miaka minne atakuumbua siku ya kwanza kwa kukuitia beseni.

Mpigie mama yako kabla hajafunga mzigo. Mwambie mambo mawili tu, mkwewe amekuwa mwenyekiti wa mtaa, na wewe gari limeuzwa kwa hiyo unashika nyumba huku ukitafuta. Atakachosema siwezi kukuahidi. Akina mama wa Rufiji nawajua, anaweza akanuna siku tatu, na anaweza akafika akawa wa kwanza kuwatangazia majirani kuwa mkwe wake ndiye anayeandika barua. Yote mawili yatokee akiwa ameambiwa na wewe, asiyasikie kwa konda wa basi.

Atakuja na samaki wa mtoni, wakavu, hilo halina shaka. Wapike wewe, wa nazi, usiku wa kwanza. Tui la kwanza lisiingie mpaka samaki wameiva kwenye tui jepesi. Likishaingia, moto uwe mdogo na mkono usitoke kwenye mwiko, koroga upande mmoja, likianza kuchemka tu epua. Likikatika na hapo, niandikie tena.

Mjomba